Maswali ya Wasomaji: Nimekwisha Kuomba, Je, Niache Kazi?

Barua tatu kati ya zilizofika mezani kwangu mwezi huu zinauliza, kila moja kwa njia yake, jinsi mtu anayemtegemea Mungu anavyopaswa kupanga mambo yake. Nimezifupisha na kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha mwandishi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu kijana wa aina hiyo nimekutana naye mara nyingi katika utumishi wangu, na wakati mmoja kijana huyo alikuwa mimi mwenyewe.

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Nina umri wa miaka 29, ninaishi Morogoro, na ni karani wa hesabu katika kampuni ya usafirishaji. Kwa miaka miwili nimekuwa na wazo la kuacha kazi na kwenda kulima alizeti Singida, wilaya ya Ikungi, anakoishi baba yangu mdogo. Nina akiba ya shilingi 7,200,000, na ninaweza kukopa kiasi kama hicho kwenye SACCOS yetu. Nataka kukodi ekari 20. Mwezi wa Aprili nilifunga na kuomba siku saba, nikamwomba Mungu ishara: kama mpango huu unatoka kwake, mvua inyeshe Jumapili kabla sijatoka kanisani. Ikanyesha, tena kubwa. Wiki iliyofuata, katika mkesha, nabii mgeni aliniwekea mikono akasema anaona maua mengi ya njano yakinigeukia. Nilitoa sadaka ya mbegu ya shilingi 300,000, na tangu siku hiyo nina amani kubwa moyoni. Lakini baba anakataa katakata, na mchumba wangu, ambaye ni mwalimu na tumepanga kufunga ndoa Desemba, analia kila ninapoligusa jambo hili. Je, niwatii wanadamu au nimtii Mungu?

JIBU: Mwanangu, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lililoyafunga mazungumzo nyumbani kwenu. Maneno ya kumtii Mungu kuliko wanadamu yalisemwa na Petro na mitume wenzake mbele ya baraza lililowakataza kufundisha kwa jina la Yesu. Petro hakuwa akimjibu mchumba anayeuliza watakula nini Januari, wala mzazi anayeuliza mkopo utalipwa na nani mazao yakikosekana. Ukiyachukua maneno hayo ukayasimamisha kati yako na baba yako, utakuwa umemgeuza baba kuwa mpinzani wa Mungu, na kuanzia hapo lolote atakalosema, hata likiwa la busara kiasi gani, utalisikia kama jaribu ambalo huna budi kulishinda.

Sasa tuitazame hiyo mvua. Aprili, Morogoro, ni masika. Kuomba mvua inyeshe Jumapili ya masika ni kuisoma kalenda huku umefumba macho. Sisemi hivi ili kukudhihaki. Nasema kwa sababu naona kwamba moyo wako ulichagua ishara ambayo ulijua kwa hakika itatokea, jambo linaloonyesha kwamba uamuzi ulikwisha kufanyika kabla hujapiga magoti. Najua utanitajia Gideoni na ngozi yake ya kondoo, lakini isome tena sura ya 6 ya Waamuzi. Gideoni alikuwa amekwisha kuambiwa waziwazi afanye nini, na watu walikuwa wamekwisha kukusanyika nyuma yake, ndipo akaomba umande uangukie ngozi peke yake na nchi yote ibaki kavu. Na alipotaka kuomba kinyume chake usiku wa pili, alianza kwa kumsihi Mungu asimkasirikie. Hakuwa akitafuta kujua mapenzi ya Mungu, maana alikuwa anayajua. Alikuwa na hofu, naye Mungu akamvumilia, na mtu aliyevumiliwa si lazima awe kielelezo.

Kuhusu nabii, sitasema neno juu ya mtu nisiyemjua. Paulo anawaambia Wathesalonike wasitweze unabii, na hapohapo anawaambia wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema; kwa Wakorintho anaagiza kwamba manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Kupambanua kwako kunaweza kuanzia kwenye swali dogo: kabla ya mkesha ule, ni watu wangapi kanisani kwenu waliokuwa wamekwisha kusikia habari za alizeti? Miaka miwili ni mingi kwa wazo kukaa kifuani mwa kijana bila kumtoka mdomoni. Na hizo shilingi 300,000 ulizozitoa kama mbegu zingekununulia mbegu inayoota ardhini. Sadaka ni njema, ila sadaka inayotolewa ili kulipigia mhuri jibu ambalo mtoaji analitaka inakaribia mno kuwa ada.

Umeandika pia kwamba una amani, na watu wa kanisani wana desturi ya kuitumia amani ya moyo kama hukumu ya mwisho ambayo haikatiwi rufani. Mimi siiamini sana. Yona alipokuwa akimkimbia Mungu kwenda Tarshishi alilala usingizi mzito chini ndani ya merikebu, huku mabaharia wasiomjua Mungu wake wakilia na kutupa shehena baharini. Bwana wetu alipokuwa Gethsemane, akiwa katikati kabisa ya mapenzi ya Baba yake, alihuzunika kiasi cha kufa. Amani inaweza kutoka kwa Mungu, na inaweza pia kutokana na kuchoka kufikiri. Hata mlango uliofunguka, ambao nao hutajwa sana katika ushuhuda, hautoshi peke yake: Paulo anasimulia katika 2 Wakorintho 2 kwamba alifika Troa, akafunguliwa mlango katika Bwana, lakini akaondoka zake kwenda Makedonia kwa sababu hakumkuta Tito na roho yake haikutulia.

Wengi hudhani kwamba Yakobo, katika sura ya 4 ya waraka wake, anawakemea wafanyabiashara kwa kosa la kupanga. Watazame vizuri watu wale. Wanajua wataondoka lini, wanajua wanakwenda mji gani, wanajua watakaa mwaka mzima, wanajua watafanya biashara, na wanajua wanatafuta faida. Kusema kweli mpango wao umekamilika kuliko wako, maana wewe hujaniambia alizeti yako utamwuzia nani. Kosa lao ni kwamba walisema kana kwamba kesho iko mfukoni mwao, ilhali wao ni mvuke uonekanao kwa kitambo, kisha hutoweka. Na dawa anayowapa haihusu kuuchana mpango. Anawataka waseme, “Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi.” Hivi au hivi: safari imebaki, biashara imebaki, na faida hajaikataza. Aliyetakiwa kusogea ni mwenye mpango, atoke kwenye kiti ambacho si chake.

Kwangu mimi, mtu aliyeshika pande zote mbili za jambo hili ni Nehemia, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi. Alisikia habari za kubomoka kwa ukuta wa Yerusalemu katika mwezi wa Kisleu, akalia, akafunga na kuomba. Akaja kuzungumza na mfalme Artashasta katika mwezi wa Nisani, yaani baada ya miezi minne hivi. Mfalme alipomwuliza anataka nini, alimwomba Mungu wa mbinguni palepale, kimya, kikombe cha mvinyo kikiwa kimetoka mkononi mwake muda mfupi uliopita, kisha akajibu. Na majibu yake hayakuwa ya mtu aliyekuwa akiomba tu kwa miezi minne. Alitaja muda atakaokuwa safarini. Aliomba barua za kuwaonyesha maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wampitishe, na barua nyingine kwa Asafu, mwangalizi wa msitu wa mfalme, ili apewe miti ya malango. Alijua hata jina la mtu wa miti! Alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache, akakagua ukuta mwenyewe, bila kumwambia mtu yeyote jambo ambalo Mungu amelitia moyoni mwake. Ukuta ulikamilika kwa siku 52, na mimi sijui pa kuuweka mpaka kati ya maombi yake na hesabu zake.

Nilisema kwamba kijana wa aina yako nilikuwa mimi. Mwaka 1994 niliombea ng'ombe wawili wa maziwa mpaka nikawa na hakika, nikawanunua na kuwaleta nyumbani kutoka nyanda za juu zenye baridi. Sikumwuliza bwana mifugo habari za kupe wa kwetu. Nilisema kwamba Bwana aliyenipa ng'ombe hao ndiye atakayewalinda. Wa kwanza alivimba tezi chini ya sikio, akapata homa, akaacha kula, akaanza kupumua kwa shida, akafa. Wa pili akamfuata. Ilikuwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Josho la kuwaogeshea ng'ombe dawa ya kupe lilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani kwangu. Mke wangu hakunilaumu, ila tulipokuwa tunafukia shimo la pili aliniuliza kama katika maombi yale yote niliwahi kuuliza habari za josho.

Kwa hiyo keti, kama yule mtu wa Luka 14 anayetaka kujenga mnara, uhesabu gharama. Wewe ni karani wa hesabu, mwanangu. Mwajiri akikuletea mpango wa shilingi milioni 14 wenye mistari mitatu utamrudishia. Andika kodi ya shamba, trekta, mbegu za kilo mbili hivi kwa kila ekari, palizi, mtu wa kufukuza ndege, maana ndege wanaipenda alizeti kuliko wewe, kisha kuvuna, kupura, magunia, na gari la kufikisha mzigo kwenye mashine ya kukamulia. Andika bei ya gunia ilivyokuwa katika misimu mitatu iliyopita, na si ule msimu mmoja uliokuvutia, kwa sababu bei hiyo huanguka mafuta ya kula ya kutoka nje yanapoingia nchini kwa wingi. Baba yako mdogo anayajua haya yote bila kufunga siku saba, na katika barua yako nzima sikuona mahali ulipomwuliza.

Halafu iko Desemba. Singida ina msimu mmoja wa mvua, ambao huanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili au karibu na hapo, na wakulima wa alizeti huhangaikia kupanda Desemba na Januari. Umeiweka harusi yako katika miezi ambayo trekta za Ikungi hugombaniwa. Nashuku kwamba binti wa watu analia kwa sababu amekwisha kuliona jambo hili, nawe unamngojea alione ua la njano.

Ningekuwa baba yako ningekuambia hivi: usiache kazi mwaka huu, na usiguse SACCOS. Mwombe baba yako mdogo akukodie ekari tatu na kusimamia upandaji, kwa malipo mliyokubaliana na kuandikiana ingawa ni ndugu, nawe uchukue likizo yako ya mwaka wakati wa kuvuna ili uone kwa macho yako gunia linavyopatikana. Hesabu ukizimaliza, mpelekee baba yako karatasi yenyewe, umwombe akuonyeshe ulipokosea. Endelea kuomba wakati wote huo, lakini badilisha ombi. Acha kuuliza kama Mungu ameukubali mpango wako, uombe akufumbue macho uone usichokiona katika mpango huo, na akupe moyo wa kuuacha ukilazimika kuuacha.

SWALI: Mimi ni mzee wa kanisa, Kahama. Amekuja kwetu mhubiri kijana anayefundisha kwamba kusema “Mungu akipenda” ni kukiri kushindwa, na kwamba mwamini anapaswa kutamka jambo kwa uhakika nalo litakuwa. Mke wangu amelipokea fundisho hilo kwa moyo wote. Juzi nilisema kwamba nitasafiri kwenda Shinyanga kesho yake, Mungu akipenda, akanikemea mbele ya wajukuu. Nani kati yetu amekosea?

JIBU: Mzee mwenzangu, katika hili Paulo yuko upande wako. Aliwaaga watu wa Efeso akiwaambia kwamba atarejea kwao Mungu akimjalia, na Wakorintho akawaandikia kwamba anatumaini kukaa kwao muda fulani, Bwana akimjalia. Yule ambaye sisi sote tunamwita Bwana aliomba kikombe kimwepuke, kisha akasema, “walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe.” Atakayesema kwamba hayo ni maneno ya kushindwa ana kazi kubwa ya kueleza. Jirani zetu Waislamu nao wamefundishwa adabu hiyo katika Sura ya Al-Kahf, aya ya 23 na 24, kwamba mtu asiseme juu ya jambo lolote kuwa atalifanya kesho pasipo kuongeza kwamba Mungu akipenda, na ndiyo maana katika Kiswahili chetu “inshallah” imekaa midomoni mwa watu wa dini zote.

Hata hivyo simtupi yule mhubiri moja kwa moja, kwa maana nadhani ameona ugonjwa ingawa amekosea dawa. Sisi Waswahili tumelichakaza neno hili. Mtu akialikwa kwenye kikao cha harusi akajibu, “Nitakuja, Mungu akipenda,” mweka hazina hamwandiki katika daftari la michango. Fundi cherehani akisema nguo itakuwa tayari Ijumaa, Mungu akipenda, mwenye kitambaa anajua kwamba aende Jumanne ya wiki nyingine. Tumemfanya Mungu mdhamini wa ahadi ambazo hatukuwa na nia ya kuzitimiza, na hilo nalo ni kulitaja jina lake bure. Anayesema Bwana akipenda kama Yakobo anavyotaka huwa amekwisha kukata tiketi.

Paulo mwenyewe alijua uchungu wa mpango unaogeuka. Aliwaahidi Wakorintho safari, akaibadilisha, wakamsema kwamba ni mtu wa ndiyo, ndiyo, kisha siyo, siyo. Na sehemu ya waraka wa pili kwao imetumika kujieleza juu ya safari hiyo moja, kwamba hakwenda kwa kuwa aliwahurumia. Kwa Warumi aliandika kwamba atapita kwao akielekea Hispania, baada ya kwanza kupeleka mchango Yerusalemu. Yerusalemu alifika, akakamatwa. Rumi alifika pia, miaka kadhaa baadaye, akiwa mfungwa chini ya askari, baada ya kuvunjikiwa na merikebu, na Matendo ya Mitume yanafungwa akiwa amekaa miaka miwili katika nyumba aliyoipanga. Iwapo aliiona Hispania, kitabu hakisemi. Tungemfundisha Paulo atamke nini?

Kuhusu mama, usimjibu mbele ya wajukuu. Mkiwa wawili, msomeni Yakobo pamoja, yeye asome kwa sauti. Na wewe ukisema utakwenda Shinyanga, nenda.

SWALI: Nina miaka 41, ni muuguzi, ninaishi Dodoma, sijaolewa. Kwa miaka mingi nimeishikilia Yeremia 29:11, kwamba Mungu ananiwazia mawazo ya amani, nami ninaamini kwamba atanipa mume. Dada yangu ananishauri ninunue kiwanja karibu na kwake na nianze kujenga kidogo kidogo. Fedha ninayo. Lakini naona kwamba nikijenga peke yangu nitakuwa nimemwambia Mungu kwamba nimekata tamaa, na watu wa kikundi chetu cha maombi wananiambia nisimtangulie Bwana. Nifanye nini?

JIBU: Dada yangu, nunua kiwanja.

Nimelitanguliza jibu kwa sababu nafikiri umengojea vya kutosha, na sababu zake nitakupa kutoka kwa Yeremia yuleyule unayemshikilia. Mstari ule wa 11 ulikuwa ndani ya barua iliyotumwa kwa watu waliochukuliwa mateka hadi Babeli. Walikuwapo manabii waliowaambia kwamba jambo hilo ni la muda mfupi. Hanania alisema, mbele ya makuhani na watu wote, kwamba katika miaka miwili vyombo vya hekalu vingerudi na mateka wote pamoja navyo, akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia ili kuthibitisha neno lake. Barua ya Yeremia inasema ni miaka 70. Na kabla hujafika mstari wa 11, unapita mstari wa 5, ambao sijawahi kuuona umeandikwa kwenye kalenda ya ukutani: “Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake.” Yaani walioahidiwa tumaini ndio hao hao walioamriwa kujenga palepale walipokuwa, katika hali ambayo hawakuichagua. Ahadi ya mstari wa 11 haikuwa ruhusa ya kuishi na mizigo imefungwa mlangoni.

Tena geuza kurasa chache hadi sura ya 32. Yeremia alikuwa mtu asiye na mke, maana katika sura ya 16 aliambiwa asioe. Ulikuwa mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia, jeshi la Babeli limeuzingira mji, na yeye amefungwa katika uwanda wa walinzi. Akaambiwa kwamba Hanameli, mwana wa baba yake mdogo, atakuja kumwuzia shamba lililoko Anathothi. Hanameli alipokuja kweli, ndipo Yeremia anapoandika kwamba alijua kuwa neno lile lilikuwa la BWANA; hata nabii alihakikisha baada ya mtu kubisha hodi. Akampimia shekeli 17 za fedha katika mizani. Akaandika hati, akaitia muhuri, mashahidi wakatia sahihi, zikawa nakala mbili, moja imefungwa kwa muhuri na moja wazi, akampa Baruku, mwandishi wake, azitie katika chombo cha udongo ili zikae siku nyingi. Ni baada ya kukabidhi hati ndipo alipoomba, na maombi yenyewe ni ya mtu aliyechanganyikiwa: unaniambia nijinunulie shamba kwa fedha, na mji wenyewe umetiwa mikononi mwa Wakaldayo.

Basi na wewe unaweza kununua na bado kumwomba Mungu mume. Sioni ni wapi mambo hayo mawili yanapogongana, isipokuwa katika mawazo ya watu wanaoamini kwamba nyumba huanza na mwanamume. Sipuuzi uchungu wako, wala sitakuambia kwamba Mungu amekuahidi mume, kwa kuwa sijaona alipokuahidi, na ningekudanganya kama Hanania. Kama una hofu kwamba mume akija mali yako itapotea, ujue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi kuwa kufunga ndoa peke yake kunabadilisha umiliki wa mali ya mke au ya mume. Na wale wa kikundi cha maombi waombe wakusaidie kwa jambo wanaloliweza, yaani mmoja wao akusindikize, kwa sababu si vizuri mtu kwenda kuonyeshwa kiwanja peke yake.

Usilipe fedha kwa kuamini maneno ya dalali, hata akiwa mwimbaji wa kwaya. Chukua namba ya kiwanja na ya kitalu, uende ofisi ya ardhi, uombe watazame katika kumbukumbu zao kimeandikwa kwa jina la nani na kama hakina deni la benki wala kesi. Kisha nenda kiwanjani asubuhi ukiwa na dada yako, mhesabu bikoni zote nne, yaani alama za mpaka, kwa kuzigusa, kwa maana watu huzing'oa.